Kitindamlo Kiko Wapi? Utani wa Maneno na Vyakula vya Sikukuu Katika Meru na Embu

1. Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kukutana na vyakula vitamu karatasini kabla ya kukutana navyo sahanini. Tunasoma habari za kaimati, halua, visheti, vitumbua na mkate wa sinia. Tunajibu maswali ya ufahamu kuvihusu. Na wengi wetu tuliolelewa kwenye miteremko ya Mlima Kenya tunafuzu vizuri bila kuvionja hata kimoja. Hilo si dhambi. Linalotatiza ni kinyume chake. Vyakula tunavyovila kila Desemba huko Meru na Embu hubakia nje ya mlango wa darasa, kana kwamba Kiswahili kilipokuwa kikipanda kutoka pwani kiliambiwa kisile chochote njiani.

Makala haya yananuia kuvikaribisha vyakula hivyo mezani, kwa njia ya utani wa maneno. Mpenzi msomaji asidhani kuwa utani ni porojo tu. Mzaha wa maneno hutegemea fonolojia, mofolojia na semantiki. Asiyeyajua hayo hacheki. Tutaanza na neno moja la mezani, tupite jikoni, shambani na mkahawani, kisha tuulize swali zito kidogo: mwanafunzi hupoteza nini anapofundishwa majina ya vyakula vya watu wengine bila kuonyeshwa kwamba baadhi ya vyakula hivyo vimeota nyuma ya nyumba yao?

2. Kufungua na kutinda

Neno kitindamlo limeundwa kwa ustadi. Lina kiambishi ki-, mzizi wa kitenzi tinda, yaani kukata au kukomesha, na nomino mlo. Muundo huu si mgeni. Mtoto wa kwanza ni kifunguamimba na wa mwisho ni kitindamimba. Chakula cha asubuhi ni kifunguakinywa na kile cha kumalizia ni kitindamlo. Kwa hiyo anayekula vipande viwili vya keki baada ya chakula cha mchana anaweza kuulizwa iwapo amejaliwa vitindamlo pacha.

Tutambue kwamba neno hili halisemi lolote kuhusu utamu. Linataja mahali, si ladha. Kitindamlo ni kile kijacho mwisho, hata kikiwa kichungu. Tofauti hii ina maana. Katika mwezi wa Ramadhani, Mwislamu wa Lamu au wa mjini Meru hufuturu kwa tende: tamu inatangulia, chumvi inafuata. Tende hiyo si kitindamlo hata kidogo. Tungekuwa wakweli tungeiita kifunguamlo. Ni desturi ya watu fulani kuweka utamu mwishoni, nayo desturi hiyo si sheria ya lugha.

Sasa tulipeleke neno hili Embu. Katika Kiembu, kama ilivyo katika Kigikuyu jirani yake, kitenzi tinda hukaribiana na kushinda mahali kutwa nzima. Msikilizaji wa huko akiambiwa kwa mara ya kwanza juu ya kitindamlo, ana haki ya kufikiri kwamba ni kitu kinachoshinda na chakula tangu asubuhi hadi jioni. Wanaisimu wangemwambia kwamba amenaswa na marafiki wa uongo, yaani maneno yanayofanana umbo na kutofautiana maana. Hata hivyo, aliyewahi kuhudhuria Krismasi ya nyumba yenye shangazi wengi katika Manyatta au Runyenjes atakubali kwamba fasiri hiyo imeielewa sikukuu vizuri kuliko kamusi. Siku hiyo mlo hautindwi. Watu ndio wanaotinda nao.

3. Sikukuu na kuku wake

Neno sikukuu limepungukiwa na konsonanti moja tu ili liwe siku kuku. Ongeza k mbele ya irabu ya mwisho, na maana yote ya tarehe 25 Desemba inadhihirika. Jogoo aliyekuwa akiwika kwa majivuno mwezi wa Novemba huanza kupunguza sauti. Naye akiulizwa angeunga mkono sarufi sanifu kwa moyo wote, mradi ile k isiongezwe.

Pamoja na kuku huja chapati. Chapati ni neno lenye asili ya Kihindi, lakini katika nyumba nyingi za Meru na Embu ndiyo ishara ya sikukuu kuliko mkate wowote. Kwa miaka mingi unga wa ngano ulikuwa kitu cha kununuliwa, si cha kuvunwa shambani kama mahindi. Kwa hiyo chapati ilingoja siku maalumu. Watoto waliihesabu moja moja, na wapo walioificha mfukoni ili waionyeshe kwa wenzao kabla ya kuila. Pasipokuwa na mti wa kusukumia, chupa tupu ya soda ilitosha. Hapa utani huja wenyewe: kitenzi chapa kimo ndani ya chapati, nao mpishi anayeupigapiga unga mezani huonekana kana kwamba anauadhibu. Kiisimu hakuna uhusiano wowote kati ya kuchapa na chapati. Ni uhusiano wa sikio tu. Lakini ndivyo watu wanavyolipokea neno geni: hulitafutia ndugu katika lugha yao hata kama nasaba ni ya kubuni.

Je, kitindamlo cha Krismasi hii ni kipi? Mara nyingi ni chai ya maziwa yenye sukari nyingi, ndizi mbivu, au kipande cha muwa kinachotafunwa uani watu wakiongea. Milima ya Meru na Embu hutoa chai, ndizi na makadamia kwa wingi, utamu haujakosekana. Kilichokosekana ni desturi ya kuupa kiti chake maalumu mwishoni mwa meza. Ndizi huliwa kabla, wakati na baada. Tena ipo aina ya ndizi tamu iitwayo kisukari, jina ambalo pia ni la ugonjwa wa sukari. Lugha imeweka raha na tahadhari katika neno moja, na mzee anayetoka kliniki anajua ni maana ipi daktari alikuwa nayo.

4. Mlo na irio ni ndugu

Katika uainishaji wa Guthrie, Kigikuyu ni E51, Kiembu ni E52, Kimeru ni E53, na Kiswahili cha Unguja ni G42d. Herufi ni tofauti, lakini ukoo ni mmoja wa Kibantu. Ushahidi uko sahanini. Kiswahili kina kitenzi kula, chenye mzizi -l-. Kwa kuongeza kiambishi m- na kiishio -o tunapata mlo. Lugha za Mlima Kenya zina kitenzi kuria, chenye maana iyo hiyo, na kutokana nacho hupatikana irio, yaani vyakula. Kiambishi cha mwanzo ni tofauti, lakini mzizi na kiishio vinakaribiana kabisa: mlo, irio. Anayesema kwamba irio ni neno geni kwa Kiswahili anamkana binamu mezani.

Mukimo nao una nasaba ya kueleweka. Umetokana na kitenzi kima, yaani kuponda chakula kilichochemka mpaka kishikane. Muundo wake ni kiambishi cha ngeli, mzizi na kiishio -o, sawasawa na mchezo kutokana na cheza, au msemo kutokana na sema. Kwa hiyo mukimo unaingia katika ngeli ya U-I bila kusukumwa: mukimo huu umeiva, mikimo hii imeiva. Maneno machache ya kukopa huwa na adabu ya kufika na upatanisho wake mfukoni.

Kitenzi hicho kimezaa neno jingine. Kiembu, kama Kigikuyu, huita ugali ngima. Kimeru husema nkima kwa chakula cha namna hiyo kilichosongwa au kupondwa. Tofauti ya ng na nk si ya mpishi bali ya fonolojia. Nazali inapotangulia k, Kiembu hutoa sauti ghuna, ilhali Kimeru huonyesha k katika maandishi yake. Ndiyo sababu moyo ni ngoro kwa wa kwanza na nkoro kwa wa pili. Majina kama Nkubu na Ntonyiri, na lile la baraza la wazee la Njuri Ncheke, yanashuhudia tabia hiyo ya Kimeru. Mwanafunzi anayesafiri kwa basi kutoka Embu hadi Meru, akipita Runyenjes na kuvuka mto Thuci kuelekea Chuka na Nkubu, anaweza kujifunza kanuni ya kifonolojia kwa kusikiliza watu wakiagiza chakula.

Sasa mtie mgeni wa pwani katika jiko hilo. Anaambiwa kwamba mama yuko ndani anakima. Katika Kiswahili chake, kima ni tumbili, kima ni kiasi, na kima ni nyama iliyosagwa. Anajiuliza iwapo mama anamwinda mnyama, anapanga bei, au anatengeneza sambusa. Kumbe mama anaponda viazi, mahindi na majani ya maboga. Homonimu tatu za Kiswahili zimekutana na kitenzi kimoja cha Mlima Kenya, na hakuna aliyedanganya.

5. Githeri na kitabu

Kiambishi gi- katika githeri ni jamaa wa ki- ya Kiswahili. Katika lugha za Mlima Kenya, k hugeuka kuwa g inapofuatwa na silabi yenye konsonanti ghafi. Mabadiliko haya hujulikana kama Kanuni ya Dahl. Kwa nasaba, basi, githeri ingestahili kukaa katika ngeli ya KI-VI. Lakini Wakenya wanapozungumza Kiswahili husema githeri hii imeiva. Neno limepelekwa katika ngeli ya I-ZI pamoja na wageni wengine.

Tulinganishe na neno kitabu. Hili lilitoka katika Kiarabu, ambamo silabi ki ni sehemu ya mzizi, si kiambishi. Hata hivyo Kiswahili kiliisikia ki hiyo, kikaipenda, kikazaa vitabu. Mgeni wa mbali amepewa kiti cha mwenyeji, ilhali jamaa wa karibu ameketishwa na wageni. Msomaji asikasirike kwa niaba ya githeri. Lugha hufuata masikio ya wasemaji, na masikio hayasomi vyeti vya kuzaliwa.

Githeri ilipata umaarufu wa kitaifa tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu, pale picha ya mpiga kura aliyekuwa akila githeri kutoka mfuko wa plastiki kwenye foleni ilipoenea mtandaoni. Kwetu sisi wanaisimu tukio hilo lina ladha ya ziada. Kiembu hakitofautishi /l/ na /r/ kwa namna ya Kiswahili, na kwa hiyo jozi ya kula na kura huwatatiza wasemaji wengi wa eneo letu. Hapa basi alikuwapo mtu aliyeyaweka maneno hayo mawili katika foleni moja: anakula akingoja kura.

Jozi hiyo imewapa Wakenya utani wa miaka mingi, maana wapo wanaoamini kwamba kura ya mwananchi ni kula ya mwanasiasa. Serikali ya muungano iliyoundwa mwaka 2008 iliitwa serikali ya nusu mkate, na hadi leo mali ya umma huitwa keki ya taifa. Hiki labda ndicho kitindamlo pekee ambacho kila mkaaji wa Meru na Embu amekisikia redioni, japo wachache wanaweza kueleza ladha yake.

6. Mbaazi na njugu: pale utani unapogusa masomo

Tuje sasa kwenye swali tuliloliahidi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua methali isemayo: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Tunaikariri, tunaieleza kwamba inamhusu mtu anayetafuta kisingizio, na tunapata alama zetu. Muulize sasa mwanafunzi wa Mbeere au Tharaka aonyeshe mbaazi. Wengi watasema ni mmea wa pwani, kwa kuwa wamesoma kwamba waswahili hula mahamri kwa mbaazi za nazi.

Kumbe mbaazi imejaa kwao. Ni zao la kawaida katika maeneo makavu ya chini ya Embu, Tharaka na Meru. Tatizo ni jina. Katika lugha za Mlima Kenya, mbaazi huitwa njugu, au ncugu kwa Kimeru. Lakini katika Kiswahili sanifu njugu ni karanga, au njugu mawe. Kwa hiyo mwanafunzi huyu akienda Mombasa akaagiza njugu, ataletewa karanga; akiagiza mbaazi kwa kudhani kwamba ni chakula kigeni, atafunua sufuria na kukuta kile alichokila nyumbani miaka yote, kimevaa tui la nazi tu.

Hasara yake si ya tumbo. Mbaazi ni mmea wenye mizizi mirefu unaostahimili ukame. Hiyo ndiyo sababu hupandwa Mbeere, ambako mvua si ya kutegemewa. Ukilijua hilo, methali inabadilika sura. Mmea unaovumilia jua kuliko mimea mingi ndio unaolisingizia jua! Kisingizio hicho si dhaifu tu, ni cha kuchekesha, na kejeli ya methali imekaa papo hapo. Mtoto wa mkulima wa Mbeere ana maarifa yote ya kuicheka methali hiyo kumshinda mwanafunzi wa mjini. Analokosa ni mtu wa kumwambia kwamba mbaazi na njugu ya nyumbani ni kitu kimoja. Pasipo kuambiwa, yeye huikariri kama fomula, na mali yake mwenyewe hupita mbele yake bila kuitambua.

Hapo ndipo mzaha unapokoma kuwa mzaha. Ufundishaji unaofuta jina la nyumbani kwa kalamu nyekundu, bila kuuliza lina maana gani, haumpi mwanafunzi Kiswahili zaidi. Unampunguzia kile ambacho angekitumia kukielewa Kiswahili.

7. Mkahawani

Tusiondoke kabla ya kuagiza chakula. Sajili ya mkahawani ni kipenzi cha watahini wa isimujamii, na si ajabu. Sikiliza mazungumzo ya aina hii katika mkahawa wa karibu na soko:

Mhudumu: Nani matumbo?
Mteja wa kwanza: Matumbo ni mimi. Huyu ni kichwa.
Mhudumu: Na yule mzee wa pembeni?
Mteja wa pili: Mzee ni chapati mbili, lakini bado hajaiva.

Hakuna aliyetukanwa. Kishirikishi ni hapa hakilinganishi mtu na chakula. Kimebeba maana ya kusubiri au kuagiza. Wanafasihi wangeiita metonimia: mtu anatajwa kwa kitu kinachohusiana naye. Wanasintaksia wangesema kuna udondoshaji. Mhudumu angesema ana meza kumi na hana muda wa kishazi tegemezi. Wote watatu wana haki, na mhudumu ndiye anayelipwa papo hapo.

Katika kauli ya mwisho, upatanisho wa nafsi umehamia kwa mzee: hajaiva badala ya hazijaiva. Mwalimu angeikosoa kama sentensi ya insha. Lakini kama data ya isimujamii ni dhahabu, kwa maana inaonyesha jinsi muktadha unavyoweza kuishinda ngeli.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kitindamlo ni jina la mahali mezani, na kwamba meza za Meru na Embu zina mpangilio wake. Tumeona kwamba irio ni jamaa wa mlo, kwamba mukimo una ngeli yake tayari, na kwamba methali ya mbaazi humkolea zaidi anayeijua njugu ya Mbeere. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka dola kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Majukumu hayo mawili hayapigani. Yanaweza kula katika sinia moja.

Pendekezo letu ni dogo. Mwanafunzi akiandika mukimo katika insha ya sikukuu, asikatwe alama. Aulizwe wingi wake. Akiandika njugu, aulizwe anakusudia ipi. Kabla ya kufundisha methali yoyote yenye mmea au chakula, mwalimu na aulize kwanza: kwenu kitu hiki huitwaje? Swali hilo halina gharama. Mwenye njaa hana mwiko, wahenga walisema. Nasi tunaoona njaa ya maarifa tusiweke mwiko palipo na mwiko wa kupakulia.

Maswali ya mjadala

1. Taja vyakula vitatu vya sikukuu vya kwenu. Kila jina litaingia katika ngeli ipi ya Kiswahili, na kwa nini?

2. Eleza maana mbili za neno mwiko katika aya ya mwisho, kisha utunge sentensi moja yenye maana zote mbili za neno chungu.

3. Changanua kitanzandimi hiki kisarufi: Wale wana wa liwali wale wali wa liwali. Neno wale lina dhima gani kila linapotokea?

4. Tafuta methali ya Kiswahili inayotaja chakula au mmea, kisha ueleze namna maarifa ya mkulima wa kwenu yanavyoongeza au kubadilisha maana yake.